Foki ya Nyuzi au Isiyo na Nyuzi? Fremu Ndiyo Inayoamua

Baiskeli ya mbio huonyesha umri wake shingoni. Ikiwa kipande kinachobeba usukani ni chembamba, kimechomoza juu ya fremu kisha kikapinda kwenda mbele mfano wa namba 7, na chini yake pana nati mbili pana zilizobanana, hiyo ni baiskeli ya foki ya nyuzi. Ukiona shingo nene iliyolikumbatia bomba kwa nje, yenye bolti mbili ndogo kwa nyuma na kifuniko cha mviringo juu, foki hiyo haina uzi hata mmoja. Wanunuzi wengi wa baiskeli za mbio za mtumba hawaangalii hapo. Wanaangalia giya, wanabonyeza matairi, wanauliza bei. Siku foki inapopinda kwa shimo la barabarani ndipo swali linapozuka: turudishie ya aina ileile, au tuhamie ya kisasa?

Kwenye makundi ya waendeshaji wa wikendi jibu huwa la haraka: hamia ya kisasa. Ni nyepesi, imekakamaa, na ndiyo wanayotumia mabingwa. Yote hayo ni kweli. Septemba 2025 Tadej Pogačar alishinda mashindano ya dunia ya barabarani mjini Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika Afrika, na shingo ya baiskeli yake haikuwa na uzi wowote. Lakini kwenye vilima hivyohivyo vya Rwanda zinapita baiskeli nyeusi zinazoshusha viazi na ndizi sokoni, zote zimefungwa kwa nyuzi, na foki zake hubeba mzigo ambao hakuna mtengenezaji wa foki ya kaboni angeuwekea dhamana. Kwa hiyo tuanze na namna vitu hivi vinavyofanya kazi, ushabiki usubiri.

Foki ya zamani ina bomba la chuma la inchi moja, yaani milimita 25.4, lililochongwa nyuzi kwa juu, kwa kawaida nyuzi 24 kwa kila inchi. Bomba hilo hupita ndani ya bomba la mbele la fremu. Chini na juu kuna vikombe vya gololi. Kwenye nyuzi hukazwa koni ya juu, halafu washa, halafu nati ya kufungia. Hapo foki imeshashikwa na inazunguka, na usukani bado haujahusika kabisa. Shingo ya usukani, yenye kipenyo cha milimita 22.2, huchomekwa ndani ya bomba la foki na kubanwa na bolti ndefu inayovuta kabari iliyo chini yake. Toa 22.2 kwenye 25.4, gawa kwa mbili: ukuta wa bomba una milimita 1.6 tu. Nyuzi zinachimba zaidi ya nusu milimita ya ukuta huo. Ndiyo maana kila shingo ya aina hii ina alama inayoonyesha kina cha chini kabisa cha kuichomeka. Kabari inatakiwa ikae chini ya nyuzi, mahali ukuta ni mzima. Ukiipandisha shingo kupita alama ili upumzishe mgongo, unaipeleka kabari ikasukume pale bomba lilipo jembamba, na bomba likishavimba au kupasuka foki hiyo ni ya kutupa.

Mtazame fundi anayeijua kazi akirekebisha hedseti ya nyuzi, yaani huo mkusanyiko wa vikombe, gololi, koni na nati. Ana spana mbili za 32, nyembamba, moja ya koni na nyingine ya nati. Anaikaza koni kwa vidole mpaka foki inaacha kucheza, kisha anairudisha nyuma kidogo sana. Anajua kwamba nati ikikazwa itaisukuma koni chini na kuumaliza uwazi huo, kwa hiyo anauacha kwa makusudi. Anakaza nati huku koni ameishikilia isizunguke. Halafu anabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole cha shahada kikiwa pale kikombe cha chini kinapokutana na foki. Kidole kikihisi kugonga, bado imelegea. Anainua gurudumu la mbele na kuuacha usukani ujiangukie wenyewe upande mmoja. Ukigoma katikati, ama amekaza mno, ama gololi zimeshachimba vishimo kwenye vikombe, na hapo hakuna spana ya kuviokoa. Anafungua, anaanza upya. Kwa mzoefu ni kazi ya dakika chache. Kwa anayejaribu kwa spana malaya moja na koleo, ni mchana kutwa, na nati inabaki imeliwa pembe zote.

Hata hivyo shida kubwa ya foki ya nyuzi haikuwa kwenye spana. Ilikuwa kwenye vipimo. Wafaransa walikuwa na bomba lao la milimita 25 kamili, lenye uzi wa milimita moja moja. Raleigh ya Nottingham, ambayo babu zetu waliijua kabla ya kulijua gari, ilichonga nyuzi zake yenyewe, 26 kwa inchi. Chukua nati ya nyuzi 24 uifunge kwenye foki ya nyuzi 26: itaingia mizunguko miwili mitatu kwa upole, kisha itakwama. Ukilazimisha, umeua vyote viwili. Japani nayo ilishika njia yake. Baiskeli za mtumba kutoka Japani zimejaa kwenye bandari zetu, na nyingi kati ya zile za zamani foki zake zina kitako cha kukalia koni ya chini chenye milimita 27.0, wakati kipimo kilichoenea kwingineko kwenye baiskeli za mbio ni 26.4. Tofauti ni ya kucha. Lakini koni ya 26.4 ikipigiliwa kwa nyundo kwenye foki ya 27.0 hupasuka, na ya 27.0 ikiwekwa kwenye foki ya 26.4 hupwaya, na baiskeli inaanza kugonga kila unaposhika breki. Mwenye nayo atakaza nati mwaka mzima bila kupata nafuu, kwa sababu ugonjwa uko chini na dawa anaitia juu.

Na urefu. Bomba la foki ya nyuzi lazima lilingane na fremu yake: urefu wa bomba la mbele, ongeza nafasi inayochukuliwa na hedseti, basi. Likizidi, nati haifiki kubana. Likipungua, haina pa kushika. Foki ya fremu ya mtu mrefu haimfai mfupi bila kukatwa, na ya mfupi haimfai mrefu kwa namna yoyote. Kiwanda kinachotengeneza fremu za saizi sita kilihitaji foki za urefu wa aina sita, zilizochongwa nyuzi na kupangwa kwenye rafu sita.

Mmarekani John Rader ndiye aliyepata hataza ya hedseti isiyo na nyuzi, mwaka 1992. Kampuni ya Dia-Compe ya Marekani iliiuza kwa jina la Aheadset, na kampuni hiyo baadaye ikajulikana kwa jina la Cane Creek, makao yake yakiwa North Carolina. Baiskeli za milimani ziliipokea kwanza. Za mbio zilifuata bila haraka, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa taabu kukuta baiskeli mpya ya mashindano yenye nyuzi shingoni.

Wazo lenyewe ni rahisi hata mtu unashangaa lilichelewa wapi. Bomba la foki ni laini kutoka chini hadi juu. Linapita kwenye fremu na kuchomoza, na shingo inalishika kwa nje, kama ngumi inavyoshika mpini wa jembe. Ndani ya bomba hupigiliwa nati ya nyota. Bolti ya kifuniko cha juu huingia kwenye nati hiyo na kuivuta foki juu, huku kifuniko kikiisukuma chini shingo pamoja na ringi za kujazia nafasi zilizo chini yake. Baringi zinabanwa katikati. Foki ikiacha kucheza, unanyoosha shingo ielekee sawa na gurudumu, unakaza zile bolti mbili za nyuma ya shingo kwa nguvu iliyoandikwa juu yake, mara nyingi niutonimita 5, na kazi imekwisha. Kuanzia hapo kifuniko hakishiki chochote. Shingo ndiyo inayoshika foki. Watu wengi hawalijui hili. Usukani ukigonga, wanakimbilia bolti ya juu na kuikaza mpaka inalia, bolti za nyuma zikiwa zimekazwa vilevile. Hakuna kitakachosogea hapo, isipokuwa nati ya nyota inayong'oka polepole huko ndani.

Sasa angalia nani aliyecheka. Kiwanda kilianza kutengeneza foki ya urefu mmoja tu, ndefu kuliko mahitaji, na kuikata kulingana na fremu. Mashine za kuchonga nyuzi zikapumzika. Duka likaweza kuweka foki chache na kumhudumia kila mtu. Fundi wa kuunganisha baiskeli mpya akaweka kando spana pana na kushika alenki. Sioni ubaya kiwanda kikipata nafuu, ila tusisimuliwe kwamba mageuzi haya yalifanywa kwa ajili ya mgongo wa mwendeshaji.

Mwendeshaji naye alipata fungu lake, nami silipuuzi. Kwa kuwa shingo haiingii tena ndani, bomba lilinenepa hadi inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28.6. Ukuta ukiwa na unene uleule, bomba hilo hukakamaa kwa zaidi ya asilimia 40 kuliko la inchi moja, na mtu anayesimama kwenye pedali na kuvuta usukani mlimani anausikia utofauti huo mikononi. Uzito nao ulipungua. Shingo ya kuchomeka ya aluminiamu huwa na gramu 250 hadi 300. Ya kubana kwa nje ni kama nusu ya hapo. Foki nzuri ya chuma ina gramu 700 hivi, ya kaboni tupu gramu 350 hadi 450. Na kaboni ndiyo iliyomaliza ubishi mashindanoni, maana haichongeki nyuzi: ukichonga, umekata zile nyuzinyuzi zinazoipa nguvu. Katika miaka ya 1990 watengenezaji walijaribu kuunganisha miguu ya kaboni na bomba la chuma lenye nyuzi. Foki hizo zilifanya kazi, ila bomba lile la chuma lilirudisha sehemu kubwa ya uzito uliookolewa.

Kilichopotea ni kimo. Kwenye foki ya nyuzi unalegeza bolti moja kwa alenki ya milimita 6, unaigonga kidogo kabari ishuke, unapandisha au kushusha usukani, unakaza. Kaka mtu anamaliza mazoezi yake asubuhi, mdogo wake mwenye mikono mifupi anaichukua jioni, na hedseti haijaguswa. Kwenye foki isiyo na nyuzi kimo kiliamuliwa siku bomba lilipokatwa. Kushusha kunawezekana kwa kuhamisha ringi kutoka chini ya shingo kwenda juu yake. Kupandisha kupita pale bomba lilipoishia, bila shingo iliyoinuka zaidi, ni vigumu. Na kwenye bomba la kaboni watengenezaji wengi wanataka ringi za chini ya shingo zisizidi milimita 30 hivi, kwa hiyo ukinunua ya mtumba iliyokatwa kwa ajili ya mkimbiaji aliyekuwa anainama hadi pua iguse tairi, umenunua na maumivu yake ya kiuno.

Wanaosema nyuzi ziliachwa kwa sababu ni dhaifu wanasahau mengi. Tarehe 25 Oktoba 1972, mjini Mexico City, Eddy Merckx alikwenda kilomita 49.431 kwa saa moja juu ya baiskeli ya Colnago, rekodi ya dunia wakati huo, na nyuzi zilikuwa shingoni. Japani hadi leo ina mbio za keirin, zilizoanza mwaka 1948 katika mji wa Kokura, ambako watazamaji hucheza kamari na baiskeli hukaguliwa kipande kwa kipande. Fremu za chuma, foki za nyuzi na shingo za kuchomeka zimebaki kuwa vifaa vya kazi vya watu wenye mapaja kama magogo, wanaomaliza mzunguko wa mwisho kwa kilomita 60 na kitu kwa saa. Upande wa pili, mwendeshaji George Hincapie alianguka katika mbio za Paris-Roubaix za 2006 baada ya bomba la foki yake kukatika kwenye mawe, akabaki na usukani usioshika kitu. Bomba lile lilikuwa la aluminiamu na halikuwa na uzi. Tukio moja halithibitishi kwamba mfumo mzima ni mbovu. Linatukumbusha tu kwamba kilichokatika ni bomba, na kila bomba lina kikomo chake, lichongwe lisichongwe.

Pwani tuna adui mwingine: chumvi. Shingo ya aluminiamu ikikaa miaka ndani ya bomba la chuma, hewa ya bahari na jasho vikapenya, metali hizo mbili hushikana kama zimeunganishwa kwa moto. Nimeona shingo iliyogoma mafuta ya kulainisha, ikagoma nyundo, mwishowe ikakatwa kwa msumeno, na foki ikaondoka nayo. Kinga yake ni grisi. Mara moja kwa mwaka chomoa shingo, futa, paka grisi nyembamba, rudisha. Hapohapo mwombe fundi afungue vikombe, asafishe gololi kwa mafuta ya taa, na zenye madoa abadilishe zote; za hedseti ya inchi moja ni ndogo, takribani milimita 4, na bei yake ni ndogo vilevile. Foki isiyo na nyuzi haina ugonjwa huu wa kushikana, lakini nyingi za kisasa zina baringi zilizofungwa zenye vipimo vya ajabu ajabu, na ikiharibika utaambiwa uagize. Baiskeli za juu kabisa za sasa zinapitisha hata mipira ya breki ndani ya hedseti. Kubadilisha baringi moja ya shingo kunaweza kulazimu kufungua breki za mafuta na kuzitoa hewa upya. Mtu aliyebuni hivyo hajawahi kusafiri na baiskeli kutoka Tanga hadi Lushoto.

Kwa hiyo nirudi kwa mwenye foki iliyopinda. Kama fremu yako ni ya inchi moja, ni ya chuma, na unaipenda, tafuta foki nyingine ya nyuzi kutoka baiskeli ya mtumba. Nenda na foki yako ya zamani mkononi. Linganisha urefu wa bomba, jaribu nati yako kwenye nyuzi zake kwa vidole tu, pima kitako cha koni kwa kalipa. Angalia pia tundu la breki: breki za zamani hufungwa kwa nati ya kawaida nyuma ya foki, za kisasa hutaka tundu pana la kuzamisha nati ya mrija. Kama gurudumu lako ni lile la zamani la inchi 27, si la 700C, foki iwe na nafasi yake. Ukipata ndefu kidogo, inakatwa. Ukipata ambayo nyuzi zake hazifiki, kuna karakana za kukerezea zitakazokubali kuziongeza. Kubali milimita chache, kataa wakikwambia watachonga nusu bomba, maana kabari itakuja kukaa hapohapo.

Usikubali kuuziwa foki ya milimita 28.6 kwa ajili ya fremu ya inchi moja. Muuzaji atasema bomba la fremu linaweza kupanuliwa. Vikombe vya inchi moja vinakaa kwenye tundu la milimita 30 na kidogo, vya bomba nene vinataka 34. Chuma cha kupanua kiasi hicho hakipo kwenye fremu yako. Foki zisizo na nyuzi za inchi moja zipo, ila ni adimu, na zinataka hedseti yake na shingo yenye ringi ya kupunguzia kutoka 28.6. Unanunua vitu vitatu ili kubadilisha kimoja. Kwa fremu ya thamani, sawa. Kwa fremu ya kawaida, pesa hiyo ingekununulia matairi mazuri na magurudumu yaliyonyooshwa, na mwendo ungeongezeka zaidi.

Na kama foki yako ya nyuzi ni nzima, na unachotamani ni usukani wa kisasa wenye kiuno cha milimita 31.8, kuna adapta: kipande kinachochomekwa kwenye foki kama shingo ya zamani, kwa juu kikawa bomba la milimita 28.6 la kubania shingo mpya. Si kizuri kwa macho na kinaongeza uzito. Kinafanya kazi, na foki inabaki ilivyo.

Anayenunua baiskeli nzima, bila fremu ya kuihurumia, achukue isiyo na nyuzi. Achague bomba la milimita 28.6 lililonyooka, vikombe vilivyo nje ya fremu, foki ya chuma au aluminiamu badala ya kaboni ambayo haijulikani ilianguka mara ngapi. Vipuri vyake vitapatikana kwa miaka mingi, na seti moja ya alenki mfukoni inatosha.

Na bomba likiwa halijakatwa, usimruhusu mtu akate siku ya kwanza. Weka ringi zote chini ya shingo, endesha wiki kadhaa na bomba likiwa limechomoza juu kama pembe, shusha ringi moja moja mpaka mabega yaache kulalamika. Ndipo weka alama, juu ya shingo ukiacha nafasi ya ringi moja ya milimita 5, na ukate chini ya ukingo wa juu wa ringi hiyo kwa milimita 2 au 3 ili kifuniko kipate pa kuvutia. Msumeno uwe na meno madogo, na bomba libanwe kwa shingo kuukuu ikuongoze kukata wima. Kama ni la kaboni, lowesha kwa maji, vaa barakoa, na nati ya nyota usiipigilie humo kabisa. Lina plagi yake ya kupanuka.